Marehemu Aliyepiga Makofi

Mhariri wangu wa Dar es Salaam aliniita Ndugu. Miaka ile sote tulikuwa Ndugu, wanawake kwa wanaume, na kwa kuwa hatukuwahi kuonana, hakujua kwamba makala zake za sinema, za matumizi ya nyumbani na za mapishi ziliandikwa na mwanamke aliyekaa juu ya mkeka uani, Tabora, huku maharage yakichemka pembeni. Sikuwa nimeajiriwa na gazeti lolote. Niliandika, nikafunga bahasha, nikaipeleka stesheni, treni ikaichukua. Wakiipenda makala waliichapa. Wasipoipenda sikusikia neno.

Nilikuwa nimeacha ualimu nilipoolewa. Mume wangu alikuwa karani wa reli, leo yuko Kigoma, kesho yuko Dodoma, na nyumba ikawa kimya mno kwa mtu aliyezoea darasa lenye kelele. Ndiyo nikaanza kuandika. Kwanza niliandika habari za filamu, kwa sababu Tabora tulikuwa na ukumbi wa sinema na mimi nilikuwa siukosi. Halafu mhariri akataka pia ukurasa wa kina mama: namna ya kupanga mshahara usiishe katikati ya mwezi, namna ya kukausha nsansa, mboga ya majani ya kunde, ikae mpaka masika yajayo, namna ya kugeuza kanga iliyochakaa iwe nguo ya mtoto. Hayo ya nyumbani sikuyajua mimi. Nililelewa na wamisionari wa Kimoravian, bwenini, chakula kikija kimepikwa. Yote niliyoyaandika niliyatoa kwa jirani yangu.

Jirani yangu huyo alikuwa Mwislamu wa mjini hapahapa, mtoto wa watu waliokaa Tabora tangu enzi za misafara. Alinizidi umri kidogo. Tuliitana shoga. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na mkono wa ajabu: kitu chochote ukimpa, hata kama ni kidogo, kilitosha watu wote nyumbani na kikabaki. Hakuwa amesoma, ila Kurani. Kila makala yangu ya nyumbani ikitoka nilikwenda kumsomea, naye alisikiliza akitikisa kichwa na kusema, "Haya, yule bwana wa Dar kajifunza kupika leo."

Aliishi na mumewe, fundi seremala, na binti mmoja aliyekuwa shule ya msingi. Seremala hakuwa baba mzazi wa binti yule, na hilo mtaani lilijulikana na wala halikuwa siri. Mume wa kwanza wa shoga yangu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, akienda Kigoma na kurudi. Kabla kidogo ya Uhuru, mashua yao ilizama Ziwa Tanganyika wakati wa dhoruba. Maiti za wenzake kadhaa zilipatikana. Yake haikuonekana, lakini walionusurika waliapa kwamba walimwona akizama. Shoga yangu alikuwa na mimba changa, hata majirani walikuwa hawajajua. Akalia, watu wakasoma hitma, akakaa eda, akajifungua. Miaka ikapita, masheikh wakasema mtu yule ni maiti, naye akaolewa na seremala. Binti hakumjua baba mwingine.

Sasa ikawa mwaka mmoja mhariri akaniandikia akitaka kitu kipya. "Ndugu Mwandishi," akasema, "mtafute mama wa nyumbani ambaye hajaingia sinema maishani mwake. Mpeleke. Utueleze alichoona na alichosema." Nilicheka, nikavuka ua mara moja.

"Mimi? Sinema?" shoga yangu akasema. "Gizani na wanaume?"

"Jumatano alasiri ni onyesho la wanawake watupu. Nitakulipia mimi."

"Muulize shemeji yako."

Shemeji, yaani seremala, alikuwa akipiga randa barazani. Alinyanyua kichwa na kusema, "Mpeleke. Lakini akianza kutaka kuimba na kuzunguka miti kama Wahindi, utamchukua wewe moja kwa moja."

Jumatano ile ukumbi ulijaa mabaibui, watoto wachanga, karanga na manukato. Tulikaa viti vya mbele kwa sababu shoga yangu alitaka kuona vizuri. Nilikuwa na penseli mkononi. Kabla ya filamu ya Kihindi walionyesha kwanza picha za habari, zile za serikali: daraja linafunguliwa, watoto wanachanjwa, kisha kijiji kipya cha ujamaa. Msemaji akaeleza kwa sauti nzito kwamba kijiji kile kiko upande wa Mpanda, kwamba wananchi wamelima pamoja mahindi na tumbaku. Watu walikuwa wamesimama mstari na majembe mabegani, wakipiga makofi. Kamera ikapita usoni mwao, uso mmoja baada ya mwingine.

Mwanamume mmoja alicheka huku akifunika mdomo kwa nyuma ya mkono wake.

Shoga yangu alinishika goti. Nilidhani amefurahi. Nikamgeukia ili nione uso wake, niuandike. Mdomo wake ulikuwa wazi. Kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye nyama ya goti langu.

"Shoga, nini?"

"Yule," akasema.

"Nani?"

"Yule ni mume wangu."

Mimi, mjinga, nikaangalia nyuma, nikidhani seremala ameingia ukumbini. Nilipogeuka tena picha imekwisha, muziki wa Kihindi umeanza, wanawake wanapiga vigelegele. Yeye alikuwa amesimama wima, watu wa nyuma wanampigia kelele akae. Hakukaa. Alitembea akatoka nje kwenye jua, nami nikamfuata, tikiti na penseli sijui nilizidondosha wapi.

Nje alikaa chini, pale pale kwenye ngazi za ukumbi.

"Watu wanafanana, shoga," nikamwambia.

"Umeona alivyocheka? Ana jino limevunjika mbele. Tangu kijana anaficha. Hacheki bila kuweka mkono vile." Akanitazama. "Nimemzika mimi. Nimemsomea hitma. Nimemkalia eda. Huyu anapiga makofi?"

Mpaka leo nauona uso wake pale ngazini. Nilikuwa nimempeleka mwenyewe, kwa ajili ya makala.

Alimwambia mumewe jioni ileile, mimi nikiwapo, kwa sababu alisema peke yake hawezi kutamka. Seremala alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja tu: "Naweza kuiona hiyo picha?"

Asubuhi yake nilikwenda kwa mzee wa Kihindi mwenye ukumbi. Aliniheshimu kwa sababu ya makala zangu. Nilimweleza ukweli wote, naye akaacha chai yake mezani, akasema, "Baap re, mama, kweli?" kisha akamwita fundi wa mashine. Tukaingia watu watatu katika ukumbi ule mtupu: mimi, shoga yangu na mumewe. Taa zikazimwa. Daraja, watoto, majembe. Yule mtu akacheka, akafunika mdomo.

"Yupi?" seremala akauliza.

Shoga yangu akanyoosha kidole, lakini sura ilikuwa imeshapita. Seremala akaomba warudie. Fundi wa mashine akarudia. Safari hii hakuuliza yupi. Alivua kofia yake akaiweka magotini.

"Mtoto kachukua sura yake," akasema.

Hapo ndipo mimi nilipoamini. Nilikuwa nimemwona binti yule kila siku tangu akiwa na meno ya utoto, na kwenye pazia lile jeupe nilikuwa nimeona macho yake na paji lake la uso kwenye kichwa cha mwanamume mzima.

Seremala alikwenda nyumbani, akachukua mkeka na blanketi, akahamia karakana yake ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyemwambia. Aliijua dini yake: kama mume wa kwanza yu hai na hajatoa talaka, basi yeye alikuwa analala na mke wa mtu. Sheikh walipomwendea alisema jambo hilohilo kwa maneno mengi zaidi, akaongeza, "Lakini picha si shahidi. Nendeni mkamwone mtu mwenyewe. Mpaka hapo kaeni mbalimbali."

Binti alirudi shule, akamkuta baba yake anakula karakanani. Akaambiwa kuna kazi nyingi za milango. Akapeleka daftari zake huko, akawa anafanyia hesabu juu ya mbao.

Kilichonishtua zaidi siku zile kilikuwa Mpanda yenyewe. Kama wangesema Songea, au Mtwara, au Kongo, ningeelewa. Mpanda! Reli yetu hii hii, unapanda hapo Tabora, unabadilisha Kaliua, umefika. Mume wangu alikuwa akienda huko kikazi na kurudi na asali. Inawezekana aliinunua kwa mtu yule.

Tulikwenda wawili, mimi na yeye. Seremala alitubebea mizigo mpaka stesheni. "Mimi nikienda," alisema, "itaonekana nimekwenda kugombana." Alimsaidia kupanda behewani, akamshika mkono, kisha akauachia haraka kana kwamba umemuunguza. Nadhani alikuwa amesahau kwamba hapaswi.

Njiani shoga yangu alifungua chakula, akanipa mimi, yeye hakula. Tuliteremka stesheni ndogo yenye kibanda kimoja, tukapata lori lililokuwa linapeleka mbegu kijijini, dereva akatuweka mbele. Nyumba zilikuwa mpya, zimepangwa mistari, nyasi za paa bado zina rangi ya njano. Kulikuwa na ofisi ya udongo yenye bendera.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mchangamfu sana. Niliposema mimi ni mwandishi kutoka Tabora na kwamba tumekiona kijiji chake kwenye sinema, alifurahi mpaka akasahau kuuliza mwenzangu ni nani. Alitoa viti. Aliita maji ya kunywa. Alituonyesha ghala, na mwalimu wa shule ya kijiji akatufuata mpaka mlangoni mwa ofisi.

"Kuna ndugu mmoja," nikasema, "alionekana anacheka, amefunika mdomo."

"Ahaa! Yule! Yule ndiye mkulima wetu bora. Ngoja aitwe. Watu wa filamu walimpenda sana."

Akaitwa kwa jina ambalo mimi na shoga yangu hatukuwahi kulisikia. Niliona shoga yangu akishusha pumzi, na mimi pia nikashusha. Jina jingine. Labda ni mwingine kweli, tutarudi nyumbani, tutacheka.

Alikuja akipangusa udongo mikononi. Nyuma yake alikuja mkewe, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, kuja kuona wageni. Mwanamume aliinama kuingia mlangoni, akanyanyua uso, akamwona shoga yangu. Mkono wake ukapanda wenyewe, nyuma ya kiganja ikagusa mdomo. Hakuwa anacheka.

Kisha akaushusha. "Hamjambo, mama zangu," akasema.

Shoga yangu alisimama. "Hujambo, mume wangu."

Mwenyekiti alitazama huku na huku, tabasamu bado liko usoni mwake halijui pa kwenda.

"Umenifananisha, mama," mwanamume akasema.

"Nimekufananisha na nani?"

"Na huyo unayemtafuta. Mimi natoka ng'ambo ya ziwa. Tabora sijawahi kukaa."

"Nani kakwambia mimi natoka Tabora?"

Akababaika. "Mwenyekiti… wamesema wageni wametoka Tabora."

Inawezekana kweli walimwambia njiani. Sijui. Lakini alikuwa akisema bila kumtazama, anaangalia bendera kupitia dirishani. Mimi nilikuwa nimeona filamu nyingi, nimeandika kuhusu waigizaji wazuri na wabaya, na sikuwahi kuona mtu akifanya kitu kama kile: kusimama hatua chache kutoka kwa mwanamke aliyekulilia miaka, na kusema kwa upole kabisa kwamba humjui. Nilitaka kupiga kelele. Nilimtazama shoga yangu nikidhani ataanguka, na nikasogea nimdake.

Hakuanguka. Alikaa chini taratibu, akaweka kanga yake sawa, akamgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Mimi nimekosea. Mume wangu alizama ziwani, nikaona picha, nikachanganyikiwa. Namwomba radhi huyu ndugu, na mkewe, na wewe."

"Hapana neno, mama. Binadamu tunafanana."

"Lakini nimetoka mbali na moyo wangu haujatulia. Naomba huyu ndugu anisaidie kitu kidogo kabla sijaondoka. Aseme neno moja mbele yako wewe, na mbele ya yule mwalimu aliyeko pale mlangoni."

"Neno gani?"

"Aseme hivi: kama mimi ni mume wa mwanamke huyu, basi nimempa talaka." Akamtazama mwenyekiti machoni. "Kama siye, hapotezi kitu. Ni upepo umepita."

Nilikuwa nimekaa na mwanamke huyu uani miaka yote nikiandika mambo ya mchicha, na wala sikujua kwamba ana kichwa cha kufikiri hivyo papo hapo, moyo ukiwa umepasuka. Safarini hatukuzungumza kitu kama hicho. Hakuna mtu aliyemfundisha.

Mwanamume akatazama tena bendera.

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Sasa, mama, kama siye, maneno hayo yatakusaidia nini?"

"Yatanisaidia kulala."

Nje mtu alikuwa anatwanga. Mwanamume alifungua mdomo, akaufunga. Nilielewa pale alivyobanwa. Akikataa, kila mtu chumbani atajiuliza kwa nini mtu asiye mume anaogopa kutoa talaka. Akikubali, ameacha. Na aliyemsukuma hakuwa mimi wala mwenyekiti, alikuwa yule mke wake kijana, ambaye hakujua lolote, masikini wa Mungu, aliyekuwa akimtikisa mtoto mgongoni.

"Si useme tu, baba," akamwambia mumewe. "Mama wa watu kahangaika. Mwache aende zake na amani."

Akasema. Alianza vizuri, "Kama mimi ni mume wa mwanamke huyu," lakini alipofika kwenye "basi" sauti ilikatika, na neno la talaka likatoka dogo, kama la mtoto anayeadhibiwa.

"Ahsante, ndugu yangu," shoga yangu akasema. "Mungu akulipe."

Mke wa mwenyekiti alimchukua akampe uji. Mimi nilibaki nimesimama nje ya ofisi, nikimngoja dereva wa lori. Yule mwanamume akaja upande wangu kama mtu anayepita tu, jembe begani. Hakusimama vizuri, alisita.

"Yule binti anasoma?" akauliza.

Sikuelewa mara moja. "Binti gani?"

"Anasoma?"

"Anasoma," nikasema. "Tena vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka kuelekea mashambani, na sikumwona tena maishani mwangu.

Lori lilikuwa limeshaanza safari ndipo maana yake iliponifikia, na nikajikuta nimeshika mdomo. Mtu huyu aliondoka mkewe akiwa na mimba changa. Alizama, kama walivyoapa walionusurika, au alitupwa ng'ambo, au sijui alipitia nini. Hakuna mahali ambapo angejua kwamba mtoto aliyezaliwa ni wa kike, isipokuwa awe ameuliza, au amekuja kuona.

Nilisubiri mpaka tupande treni, nikamwambia shoga yangu. Sikuona haki ya kumficha. Alisikiliza, akiangalia miyombo inavyopita dirishani.

"Basi alifika," akasema. "Alifika Tabora. Akanikuta nina mume, akaniona na mtoto, akarudi zake." Baada ya muda akasema tena, "Hakubisha hata hodi."

Hapo ndipo alipolia. Ukumbini hakulia, kijijini hakulia. Sasa alilia kwa sauti, ndani ya behewa la daraja la tatu, kichwa kwenye mapaja yangu, na wanawake wa Kisukuma waliokuwa na vikapu vya kuku wakaniuliza kwa ishara nani amefariki.

Sheikh alisikiliza habari yote. Kisha akasema, "Neno limetoka mbele ya mashahidi. Kama ndiye, ameacha. Kama siye, basi hukuwa na mume wa kuachwa naye. Pande zote mbili uko huru." Akamtazama shoga yangu kwa mshangao. "Nani alikupa maneno haya?" Shoga yangu akasema hakuna.

Akakaa eda yake mara ya pili kwa mume yuleyule. Mara ya kwanza alikuwa mjane, mara hii mtalaka. Wanawake wa mtaani walikuja kumtazama, wakakaa wakiwa wamefunga mikono vifuani, wakisema "Yarabi, yarabi," wasijue kama watoe pole au hongera. Seremala alilala karakanani siku zote hizo. Asubuhi alileta kuni mlangoni, akabisha, akaondoka kabla hajafunguliwa. Eda ilipokwisha walifunga ndoa upya barazani, watu wachache, pilau ya sufuria moja. Mume wangu alikuwa safarini, mimi nilikuwepo. Seremala alivaa kanzu mpya akawa na haya kama bwana harusi wa mara ya kwanza. Alipoulizwa kama amekubali alijibu haraka mno, kabla sheikh hajamaliza sentensi, watu wakacheka.

Binti aliambiwa ukweli alipokuwa mkubwa kidogo. Aliuliza kama ni lazima aende kumwona. Mama yake akamwambia si lazima. Akasema basi hataenda, akaendelea kufua.

Mhariri naye alinikumbusha makala yake. Mama wa nyumbani aliona nini? Alisema nini? Nilikwenda kumuuliza shoga yangu niandike nini, maana kisa chenyewe hakikuwa changu cha kuuza. Alikuwa anachambua mchele. Akafikiri.

"Andika kwamba viti vya mbele vinaumiza shingo."

Nikaandika hivyo, nikajaza na manukato na karanga na vigelegele, na wakaichapa yote bila kukata neno. Mhariri akasema ni makala nyepesi yenye kuburudisha, nimletee nyingine kama hiyo.

Mara moja tu, miaka mingi baadaye, mimi na yeye tukiwa wazee wa kutosha kuulizana lolote, nilimuuliza maneno yale ya talaka aliyapata wapi. Nilitegemea aniambie aliomba dua, au aliwahi kumsikia bibi yake akisimulia kitu cha namna ile.

"Sikuyapata popote," akasema. "Nilikuwa nimekasirika, shoga. Nilikuwa nimekasirika vibaya sana."